Mafuta ya Moyo wa Adeer Nuur

Wiki tatu zilizopita Eddo Dahabo alikuja kazini kwangu asubuhi, bahasha ya daktari kwapani na viatu mkononi. Viatu alivivua mwenyewe mlangoni, kwa sababu chumba cha mashine kina sakafu nyeupe na yeye hakanyagi kitu cheupe kwa viatu, hata umbembeleze. Sikuwa nimekaa naye uso kwa uso tangu matanga ya mumewe, Adeer Nuur. Nikimwona sokoni nilikuwa nageukia duka la kwanza lililo karibu na kuulizia kitu nisichokitaka. Nimenunua sufuria mbili kwa namna hiyo. Ndiyo, nilikuwa mtu wa aina hiyo, na sina haja ya kujipamba hapa. "Eddo," akaniambia, maana kwetu Garissa ukimwita mkubwa wako shangazi, naye hukurudishia shangazi hiyo hiyo, "nimeambiwa moyo wangu upigwe picha. Nikauliza nani anapiga, wakataja jina lako. Nikasema basi, vizuri." Hakucheka wala hakununa. Nikamsaidia kupanda kitandani, nikambandika vibandiko vya kifuani, kimoja nikakibandika mara mbili. Nilijua neno lililolala kati yetu. Yeye, nilidhani, halijui.

Neno lenyewe ni la mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, cheti bado kinanukia wino, na kliniki iliyoniajiri ilikuwa nyumba ya ghorofa moja ambayo siku hizi ni duka la magodoro. Chumba cha mashine ndicho kilichokuwa baridi peke yake mtaa mzima. Nje jua linakaanga mabati, ndani tunavaa sweta. Manesi walikuwa wanakuja kunywa chai yao humo wakisingizia kutafuta faili, na mlinzi, Abdullahi, alikuwa na mto wake nyuma ya pazia. Mara moja kwa mwezi alikuja daktari wa moyo kutoka Nairobi, mtu mpole, mwembamba, mwenye kula embe kwa kisu na uma. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kuna namna mpya ya kusoma picha za moyo. Zamani, aliniambia, tulikuwa tunaangalia mshipa kama fundi bomba: umeziba au haujaziba. Sasa kuna wenzake ng'ambo wanaoangalia mafuta yaliyouzunguka mshipa. Ukuta wa mshipa ukianza kuwaka ndani kwa ndani, hata kabla haujaziba, mafuta yaliyo jirani yake yanapata habari. Yanapungukiwa na unono, yanaingiwa na maji, na mashine ina jicho la kuona tofauti hiyo. Mtu anaweza kuwa na mishipa iliyo wazi kabisa, akapewa mkono wa heri, akaanguka mwaka huo huo, na mafuta yalikuwa yamesema muda wote. Picha tulizipiga sisi, zikatumwa ng'ambo, zikarudi zimepakwa rangi, njano penye usalama na nyekundu penye moto.

Shida haikuwa mashine. Watu wetu hawaogopi sindano wala dawa. Kitu wasichokitaka ni kuambiwa. Habari mbaya ya mgonjwa hupelekwa kwa kaka yake, kaka akaipeleka kwa mjomba, mjomba akaipima na kuikata, na mgonjwa akafikiwa na kipande kidogo kilicholainishwa, ama asifikiwe kabisa. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, na nilidhani ni huruma.

Adeer Nuur, yaani ami Nuur, alikuwa mchinjaji, mkuu wa wachinjaji wote pale machinjioni, mtu mrefu mwenye ndevu alizozipaka hina na sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Alikuja kliniki kwa miguu yake, akalalamika kwamba akibeba nusu ya ng'ombe begani, jiwe linamkaa chini ya titi la kushoto, na akiitua, linaondoka. "Basi usibebe," nesi akamwambia. "Na wewe usiolewe," akajibu, na chumba kizima kikacheka, nesi mwenyewe akiwa wa kwanza. Mimi nilikuwa na picha ya moyo wa mtu mwingine kwenye kioo cha kompyuta. Akaja kusimama nyuma yangu bila kukaribishwa, akanyoosha kidole chake kinene. "Haya ni mafuta?" Nikamwambia ni mafuta, na nikamweleza yale ya daktari, mshipa unaowaka na mafuta yanayoingiwa na maji. Nilitegemea aduwae. Badala yake akapiga paja. "Wallahi! Kumbe wazungu wamefika machinjioni!" Akavuta kiti, akanipa somo. Mnyama aliyepigwa na ukame, akasema, anaweza kukudanganya kwa ngozi, akakudanganya hata kwa nyama, ikawa nyekundu inapendeza. Wewe fungua kifua. Mafuta ya moyo yakiwa meupe na magumu, mnyama alikuwa mzima. Yakiwa yamelegea, yanatikisika, yana maji ya uji, mnyama huyo alikuwa anakufa akiwa bado anatembea. Mafuta ya moyo ndiyo ya mwisho kuisha, kwa hiyo hayana sababu ya kusema uongo. "Hao wanaoangalia mafuta wanajua kazi," akasema. "Mimi watanipiga picha hiyo. Ile nyingine ya bomba sitaki."

Kabla ya siku ya picha alinialika machinjioni nikajionee. Nikaenda alfajiri, nimejifunga mtandio puani, korongo wamepanga foleni juu ya ukuta wakingoja utumbo. Ule ulikuwa mwaka wa ukame. Ng'ombe walikuwa wanaletwa mbavu nje, wengine wakisukumwa kwa mabega. Siku hiyo kulikuwa na mzee kutoka upande wa Elwak aliyemleta ng'ombe wake wa mwisho, na amemsifia njia nzima. Adeer Nuur akafungua kifua, akaukata moyo, akamwita mzee karibu. Vijana wakamkonyeza aache, mzee wa watu amechoka. Akaushika moyo mbele ya macho yake, yale mafuta yakatikisika, na akamwambia kwa sauti ya chini kwamba nyama hii haiuzwi, Mungu akupe nyingine. Yule mzee alilia palepale, kilemba usoni. Nilimlaumu Adeer Nuur tulipokaa kunywa chai ya maziwa ya ngamia, chungu kidogo kwa moshi wa kibuyu. Nikamwambia angemtuma mtu amwambie polepole. Akatua kikombe. "Mwenye mnyama huambiwa yeye, uso kwa uso, moyo ukiwa bado una joto. Ukimpitisha mwingine, umemfanya mtoto." Kisha akainua kikombe akaninyooshea, kama anayenipa mimi. "Na wewe, adeer, ukiona yangu yana maji, utaniambia mimi. Si kaka yangu, si Dahabo. Mimi. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akataka niape, nikaapa. Ilikuwa rahisi sana kuapa, kikombe mkononi, jua bado halijawa kali.

Siku ya picha alikuja ameacha chai tangu jana yake na miraa tangu juzi, amenuna vibaya. Moyo lazima upige polepole, tulimpa kidonge cha kuutuliza, akawa analalamika kwamba tumempa dawa ya kulalisha ndovu. Dawa ya rangi ilipoingia mshipani na ule ujoto ukashuka hadi miguuni, nikamsikia kwenye kipaza sauti akiuliza, kwa aibu kubwa, "Adeer, nimejikojolea?" Nikamwambia kila mtu huhisi hivyo. "Basi usimwambie mtu," akasema, na mimi nikacheka hata nikachelewa kumwambia azuie pumzi. Naikumbuka sauti ile zaidi ya kitu kingine chochote cha mwaka huo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejiweka mikononi mwangu akatulia.

Majibu yalikuja kwa simu. Daktari alinipigia kutoka Nairobi, nikaandika maneno yake nyuma ya bahasha, moja moja. Mishipa yake haijaziba. Lakini mafuta kuzunguka mshipa wake wa kushoto yanawaka, tena sana. Aanze dawa leo, ile ya kila usiku na ile ya asubuhi, aache sigara, aache kubeba, na daktari akija, aje. "Mwambie yeye mwenyewe," daktari akasema, "na hakikisha ameelewa." Nikachukua dawa kwenye dirisha la famasi, nikazitia mkobani, nikafungua tena ile picha. Rangi nyekundu ilikuwa imeukumbatia mshipa kuanzia shinani. Sikuhitaji daktari kunisomea. Nilikuwa nimeshaona mafuta kama yale yakitikisika mkononi mwake.

Nyumbani kwao nilikuta nimetanguliwa. Kaka yake mkubwa, Haji Osman, asiyeweza kutembea kwa ajili ya magoti, alikuwa ameagiza majibu yaletwe nyumbani yasikilizwe na ukoo. Wanaume kumi na kitu walikuwa wameketi mkekani, migongo ukutani, sinia la wali na ndizi katikati, anjera, chapati zetu laini, zimefunikwa kwa kitambaa, na uani kondoo amefungwa analia. Kondoo alinunuliwa kabla ya majibu. Haji Osman alikuwa mtu wa kumdhania Mungu mema. Nikakalishwa karibu na mlango. Adeer Nuur alikuwa mbele yangu kabisa, amevaa kanzu ya Ijumaa, ananitazama mimi tu. Sasa sikiliza kosa langu, maana lilianza kama busara. Nilijiambia nianze na lililo jema, nilainishe njia, kisha nilete zito. Nikasema, "Mishipa yake haijaziba." Nikavuta pumzi nifike kwenye lakini. Haji Osman alikuwa ameshainua mikono. "Alhamdulillah!" Mikono yote ikainuka, dua ikaanza, ndefu, ya kilio, watoto wakaingia kuitikia amin, wanawake nyuma ya pazia wakapiga vigelegele. Na kwetu dua ya shukrani ikifungwa, watu wakapangusa nyuso, haifunguliwi. Anayetia neno baya juu yake anaambiwa amemrudishia Mungu zawadi mlangoni. Mimi, msichana, karibu na viatu vya watu, ningemrudishiaje? Nikapangusa uso wangu pia. Dawa zilikuwa mkobani, goti langu limezilalia.

Lakini sikunyimwa nafasi ya pili, na hapo ndipo ninapojichukia. Kondoo alichinjwa na Adeer Nuur mwenyewe, hakumwachia mtu. Akamfungua kifua, akaniita uani, sisi wawili na Dahabo aliyekuwa akichochea moto hatua chache pembeni. Akautoa moyo, akauosha kwa maji ya birika, akaushika mbele yangu kama alivyomshikia yule mzee wa Elwak. Mafuta yalikuwa meupe, magumu, mazuri. "Yangu yako hivi?" akauliza. Hakuwa na mzaha. Nilisikia ndani wakicheka, nikasikia Haji Osman akimsimulia mtu kwamba mashine imeona kila kitu. Nikasema, "Yako hivyo hivyo, adeer." Akaendelea kunitazama. Mvuke wa ule moyo ulikuwa bado unapanda. Kisha akautia kwenye sufuria, akanawa mikono polepole, kidole kwa kidole, na akaniambia nikale, wali unapoa.

Nilikula. Nilikula nyama ile, nikasifia. Nilipofika kazini nikazitia zile dawa kwenye droo ya chini, nyuma ya karatasi za kompyuta, nikijiahidi kwamba ikipita wiki, furaha ikipoa, nitakwenda nimwambie. Mwezi ukaisha, daktari akaja na embe zake, akauliza, "Yule mchinjaji umemweleza?" Nikasema nimemweleza. "Anameza?" Anameza. "Mbona hakuja?" Amekwenda kununua mbuzi. Uongo ukishapata ndugu haulali njaa. Na kila Ijumaa, baada ya swala, Abdullahi mlinzi aliniletea ujumbe ule ule: Adeer Nuur anakusalimu, anasema chai iko tayari. Kila Ijumaa nilikuwa na udhuru. Leo foleni ndefu, leo kichwa, leo mama ana wageni. Nilidhani ni ukarimu wake, na ukarimu wake ndio niliokuwa siwezi kuumeza. Nikawa napita njia ya nyuma ili nisione mlango wao.

Alianguka Bura, kwenye mnada wa mbuzi, kabla mvua hazijaja. Waliokuwepo walisema alishika kifua, akakaa chini taratibu, akaomba maji, na maji hayakumkuta. Nilipata habari nikiwa nampanga mgonjwa mwingine kitandani, na nikampiga picha huyo mgonjwa mpaka mwisho, nikamwambia zuia pumzi, achia pumzi, sauti yangu mwenyewe nikiisikia inatoka mbali. Matangani niliketi na wanawake, nyuma ya pazia lile lile la vigelegele. Upande wa wanaume nilimsikia Haji Osman akisema kwamba ajali ya mtu ikifika hakuna daktari, na afadhali ndugu yake aliishi miezi yake ya mwisho bila hofu. Mwingine akajibu, "Lakini mashine ilisema mzima. Mashine gani hiyo?" Wa tatu akasema yeye alikuwa amepangiwa picha wiki ijayo, na haendi ng'o. Nikaiacha mashine ibebe lawama. Wanaume waliacha kuja, mmoja mmoja, na daktari wa Nairobi akaanza kuruka miezi, kisha akakoma. Wangapi katika wale walikuwa na mafuta yenye maji, Mungu ndiye anayejua. Watu walinishika mkono siku hiyo wakanipa pole, wakanishukuru kwamba nilimpa marehemu habari njema. Lahaula! Nilishukuriwa.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo inamsema mgonjwa. Hakuna niliyoisikia inayomsema aliyeyaona maradhi akayafunika kwa kitambaa cha anjera. Tangu mwaka ule nimepiga picha maelfu ya vifua. Nimekuwa mkali, watu wananiogopa, wanafunzi wangu wananiita Mama Ukweli nikiwapa kisogo. Nikiona kitu nasema, na nikiwa na daktari mwoga namsukuma aseme. Wanadhani ni tabia yangu ya kuzaliwa. Zile dawa bado ninazo, zimehama nami droo tatu, zimeshapitwa na wakati zamani.

Basi majibu ya Eddo Dahabo yalitoka Jumatatu iliyopita. Siku hizi rangi zinatoka hapa hapa, hatungoji ng'ambo. Daktari wetu alitaka kumwita mwanawe wa kwanza. Nikasema hapana, nipe mimi. Nikamwita peke yake, akavua viatu, akakaa kwenye kiti changu kwa sababu ndicho chenye mto. Sikuwa nimefungua kinywa alipoanza yeye. "Siku ile ya kondoo," akasema, "wageni walipoondoka, Nuur aliniambia: Dahabo, mafuta yangu yana maji. Nimeyaona usoni mwa yule msichana. Nikamwambia twende kliniki sasa hivi tumuulize. Akakataa. Akasema: yule mtoto aliapa ataniambia mimi, na mtu hamkimbilii mtu amdai kiapo chake, ataona haya. Atakuja mwenyewe. Kila Ijumaa nikitandika akaniambia weka kikombe cha tatu. Nikiondoa vyombo akaniambia kile kiache kidogo. Nikamwambia basi angalau nenda kwa daktari mwingine. Akasema: nikienda kwa mwingine, yule mtoto atajua kwamba nilijua, na hataweza tena kunitazama."

Nililia kwa sauti, mbele ya mgonjwa, kitu ninachowakataza wanafunzi. Yeye hakulia. Alingoja nimalize, akatoa leso kifuani akanipa, akasema, "Sikuja kukutoa machozi, eddo. Nilijua kwako nitaambiwa. Niambie."

Nikafuta uso. Nikageuza kioo cha kompyuta aone rangi mwenyewe. "Mishipa yako haijaziba," nikasema. "Lakini mafuta kuzunguka mshipa wako wa kushoto yanawaka. Ukiachwa hivi unaweza kuanguka siku yoyote. Dawa hizi hapa, hii usiku, hii asubuhi, unaanza leo."

Akaitazama ile nyekundu. Akachukua dawa, akazitia ndani ya bahasha, akaikunja mdomo mara mbili. Alipofika mlangoni akainama kuvaa viatu vyake, kimoja, kisha cha pili.

"Kumbe ni maneno machache hivyo," akasema.